Gari la seti kwenye gereji ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayechungulia gereji na kukuta gari halina bodi huuliza maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule. Majibu haya ni ya mtu aliyeunda magari mawili na kuharibu vipuri vya kutosha gari la tatu.

## Kabla ya kutoa hela

1. Gari la seti ni nini hasa?

Ni gari unalouziwa likiwa vipande: chasisi, bodi na sehemu ya vipuri, ukaliunga mwenyewe. Wapo wanaoliita "gari la kiti", kutokana na Kiingereza "kit car". Siwafuati, maana msikilizaji huanza kutafuta mahali pa kukaa. Linatofautiana na gari la kawaida lililoongezewa madoido, kwa kuwa hapa chasisi yenyewe ni mpya. Linatofautiana pia na gari la kubuni kuanzia karatasi tupu, kwa kuwa mtu mwingine ameshapiga hesabu za miguu (springi na vyuma vinavyoshika magurudumu), usukani na mahali pa injini. Hesabu hizo ndizo unazonunua. Mabomba ya chuma ungeweza kuyakata mwenyewe.

2. Wazo hili limetoka wapi?

Kwa kiasi kikubwa limetoka kwenye kukwepa kodi kihalali. Uingereza, gari lililokamilika lilitozwa kodi ya mauzo, lakini mtu aliyenunua vipande akaunga mwenyewe hakuilipa. Lotus Seven ya Colin Chapman, iliyotoka mwaka 1957, iliuzwa sana kwa njia hiyo. Husimuliwa kwamba ilikatazwa kuweka ndani ya seti maelekezo ya kuunganisha, basi yakawekwa maelekezo ya kulifungua gari, mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kuja mwanzo. Mwaka 1973 kodi ile ilifutwa ikaja VAT, nafuu ikaisha, na mwaka huohuo Caterham wakachukua haki za kuitengeneza Seven. Bado wanaiuza hadi leo, na seti bado ipo.

Marekani waliingilia mlango mwingine. Mwaka 1964 Bruce Meyers wa California alitengeneza bodi ya faiba ya kuchezea mchangani, Meyers Manx, akatumia injini na miguu ya Volkswagen Beetle. Mtindo wa kuchukua gari la bei rahisi na kulivisha bodi nyingine ulipata nguvu hapo.

3. Lazima niwe fundi?

Hapana, ila uwe mtu anayesoma maelekezo mara mbili. Kama umewahi kubadilisha breki pedi na kumwaga oili bila kumwita mtu, unao mwanzo wa kutosha. Kazi nyingi ni kufunga bolti, kutoboa, kupiga ribiti na kuvuta waya.

Wanaoshindwa niliowaona hawakushindwa na ufundi. Walishindwa na kusimama: kipuri kimoja kilichelewa, wakafunga mlango, na walipoufungua tena hawakukumbuka nati zile za kwenye kopo ni za wapi. Ukiweza kufanya kazi saa mbili kila wiki bila kukosa, utalimaliza kabla ya yule mwenye mikono ya dhahabu anayeingia gereji mara nne kwa mwaka.

4. Itachukua muda gani?

Seti kamili ya gari jepesi la aina ya Seven, kila kipuri kikiwa kipya, ni kazi ya takriban saa mia moja kwa mtu makini. Ukianza na gari kuukuu la kuchinja, yaani la kutolea vipuri (swali la 6), saa hizo huongezeka mara kadhaa, kwa sababu nusu ya kazi ni kufungua, kusugua na kubadilisha bushi. Gari kubwa lenye milango, vioo vya kupanda na kushuka na paa linaweza kula saa elfu moja na zaidi.

Kisha jua hili: siku utakayosema "bado kidogo tu", uko katikati. Chasisi ikishasimama kwenye magurudumu, macho yanaona gari, lakini waya, mabomba, vishikizo na trimu havijaguswa. Sehemu hiyo haionekani kwenye picha, na ndiyo ndefu kuliko zote.

5. Nitaokoa hela?

Ukilinganisha na gari la kiwandani lenye kasi hiyohiyo, huenda. Ukilinganisha na gari la mtumba la kwendea kazini, hapana kabisa. Bei ya seti ni mlango tu. Matairi, rangi, oili, zana, ada za ukaguzi na bolti ambazo hakuna aliyezihesabu vinakuja nyuma yake. Anayeunda ili auze kwa faida namshauri atafute biashara nyingine.

6. Nichukue seti kamili au gari la kuchinja?

Gari la kuchinja ni lile unalonunua zima ili utoe injini, giaboksi, difu (inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), usukani na breki. Mazda MX-5 imechinjwa sana kwa kazi hii, na Ford Sierra kabla yake, kwa sababu injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na vipuri vinajulikana. Faida yake ni kwamba vyombo vyote vinatoka kwenye familia moja: waya zinaelewana na injini, propela shafti inaelewana na difu.

Hasara ni kutu na uchovu. Nunua linalotembea, uliendeshe wiki moja kabla ya kulifungua. Giaboksi inayolia utaisikia barabarani. Ikiwa chini kwenye sakafu haitakwambia neno. Hifadhi pia karatasi zote za gari hilo, maana utaziulizwa (swali la 17).

## Gereji na zana

7. Nafasi gani inatosha?

Ya gari moja, mradi uweze kuzunguka pande zote nne na kiwiko kiinuke. Kinachosahaulika ni bodi. Chasisi inakaa katikati ya chumba, na bodi inahitaji nafasi ya pili kwa miezi kadhaa. Mimi niliininginiza darini kwa kamba na kapi, nikawa naishusha kila nilipotaka kupima. Pima pia mlango wa gereji, na usipime upana peke yake: gari langu la kwanza lilipita mlangoni vizuri likiwa chini, lakini halikupita likiwa juu ya meza ya magurudumu niliyolijengea. Tulilishusha watu sita.

8. Zana zipi ni za lazima?

Seti nzuri ya soketi na spana za pete, jeki ya magurudumu na stendi nne, drili, bunduki ya ribiti, kipimo cha umeme na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Winchi ya kuinulia injini kodi au azima, utaihitaji siku mbili tu. Mashine ya kuchomelea kwa kawaida haihitajiki. Chasisi ya seti huja imeshachomelewa. Ikibidi uchomelee kitu, ondoa nyaya za betri kwanza na uchomoe kompyuta ya injini.

Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde ya kuokota nati. Jeki inainua, stendi ndizo zinazoshikilia.

9. Je, moto na hewa chafu?

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kujaa kwenye shimo la ukaguzi kama lipo. Kwa hiyo hita, grainda na tangi lililo wazi visikae chumba kimoja. Moshi wa ekzosti una hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na mlango ulioachwa wazi nusu hautoshi: injini ikiwaka, gari liwe nje. Vumbi la faiba nalo linataka barakoa ya kweli na mikono mirefu. Ukilipuuza utajikuna usiku kucha, na mapafu hayana pa kujikunia.

## Kuunga gari

10. Masanduku yamefika. Nianzie wapi?

Anza na orodha. Fungua kila boksi, hesabu, andika kilichopungua, na ukidai wiki hiyohiyo. Kisha weka bolti kwenye mifuko yenye majina kwa sehemu: "mguu wa mbele kushoto", "usukani", "difu". Usizipange kwa ukubwa. Bolti mbili za upana mmoja huweza kuwa na nguvu tofauti. Soma namba kichwani, 8.8, 10.9 au 12.9. Na bolti za mikanda ya usalama kwa kawaida ni za inchi, 7/16 yenye uzi mwembamba, ambayo kwa jicho inafanana sana na za milimita. Ukiilazimisha kwenye tundu lisilo lake itaingia mizunguko miwili kisha iharibu uzi wa mahali ambapo maisha yako yanategemea.

11. Nitajuaje kwamba nimekaza kila kitu?

Kwa rangi. Kaza kwa spana ya toki kwa kiwango cha maelekezo, kisha hapohapo chora mstari unaovuka nati na chuma kilicho chini yake. Nati isiyo na mstari haijakazwa, hata kama unaapa uliikaza. Baadaye mstari huo ukikatika, unajua nati imezunguka. Nati zenye pete ya nailoni zifunge mara moja tu zikiwa za mwisho. Wakati wa kujaribisha tumia za kawaida.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira hazikazwi miguu ikiwa inaning'inia. Ndani ya bushi kuna bomba dogo la chuma lililogandishwa kwenye mpira; ukikaza, bomba hilo halizunguki tena. Ukilikaza mguu ukiwa umeshuka, siku gari linapokaa chini mpira unabaki umejipinda muda wote, gari linasimama juu kuliko linavyotakiwa, na bushi inachanika mapema. Ziache zikiwa za mkono, shusha gari, weka uzito wa dereva kitini, lisukume mbele na nyuma, ndipo ukaze.

12. Mabomba ya breki naweza kuyatengeneza mwenyewe?

Unaweza, na hapa ndipo pa kutumia subira yako yote. Bomba la kawaida ni la inchi 3/16. Chagua la shaba iliyochanganywa na nikeli: linapindika kwa mkono na halishiki kutu. Kata kwa kikatio cha kuzungusha. Msumeno huacha unga wa chuma ndani. Kabla ya kupanua mdomo wa bomba, valisha nati. Nimepanua midomo mizuri ya kupigiwa picha, kisha nikaiona nati imekaa kwenye meza inanitazama. Si mara moja.

Mdomo mzuri una duara sawa, hauna ufa, na umekaa katikati. Ukiona upande mmoja ni mnene, kata uanze upya. Hakikisha pia umbo la mdomo linalingana na tundu la upande wa pili, maana yapo ya mdomo mmoja na ya mdomo uliokunjwa mara mbili, na hayabadilishani. Funga bomba kwenye chasisi kwa vishikizo vya karibu ili lisitetemeke, liwe mbali na ekzosti na propela shafti. Mahali gurudumu linapocheza weka mpira wa breki, kisha zungusha usukani mwisho hadi mwisho na kupandisha mguu juu na chini ukiutazama mpira. Ukigusa kitu sasa, utakatika baadaye.

13. Pedali ya breki ni laini kama sifongo. Kwa nini?

Karibu kila mara ni upepo. Anza kuutoa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), isipokuwa maelekezo yaseme vingine. Ukishindwa, tazama kalipa (kibanio cha breki kwenye gurudumu): nati ndogo ya kutolea upepo lazima iwe juu. Ukifunga kalipa ya kushoto kulia, nati hiyo inakaa chini, na utapampu mpaka kesho bila kumaliza hewa iliyojificha juu.

Oili ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni ya jamii moja. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo, ingawa jina linafanana. Zile za kwanza hunyonya unyevu, kwa hiyo kopo lililokaa wazi mwaka mzima si la kutumia, na huchubua rangi zikidondoka.

Kama umetumia breki za gari la kuchinja, kumbuka gari lako jipya huenda lina nusu ya uzito wa lile. Mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma hauko tena pale ulipokuwa. Magurudumu ya mbele lazima yajifunge kabla ya ya nyuma. Yakitangulia ya nyuma, gari linageuka kinyumenyume.

14. Taa zinacheza: nikiwasha indiketa, taa ya breki inafifia. Nini hiki?

Arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Gari la kiwandani lina bodi ya chuma, hivyo taa hupata njia ya kurudia kupitia bodi. Bodi yako ni ya faiba na haipitishi umeme. Kila taa inahitaji waya wake wa kurudi mpaka kwenye chasisi. Ukikosekana, umeme hutafuta njia kupitia balbu ya jirani na ndiyo maana zinapokezana.

Kwenye chasisi nako, rangi ni adui. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi au rangi juu. Injini iwe na waya mnene wa arthi wa peke yake, kwa sababu imekaa juu ya mipira. Kuipima ni rahisi: weka kipimo kati ya injini na ncha hasi ya betri wakati stata inazunguka. Ikizidi nusu volti, arthi yako ni mbovu, hata kama waya unaonekana mpya.

Indiketa zikipepesa haraka baada ya kuweka taa za LED, hilo ni jambo jingine: taa hizo zinakula umeme kidogo na rilei ya zamani (swichi inayopepesa indiketa) inadhani balbu imekufa. Badilisha rilei.

15. Niwashe vipi injini kwa mara ya kwanza?

Usiiwashe kwanza. Toa plagi zote, zima petroli, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande. Ndipo urudishe plagi. Jaza rejeta polepole na uache hewa itoke. Kwenye magari haya ya chini rejeta mara nyingi iko chini kuliko injini, na hewa hujikusanya kichwani mwa injini. Mtu mmoja akae kwenye swichi, mwingine asimame na kizima moto akiangalia viungo vya petroli. Ikiwaka, tazama geji ya oili na si uso wa jirani anayepiga makofi.

16. Bodi haikai sawasawa. Nimeuziwa mbovu?

Pengine hapana. Faiba hutoka kwenye kalibu ikiwa laini kidogo na hujipinda ikihifadhiwa vibaya. Iweke juu ya chasisi siku kadhaa mahali penye joto kabla ya kutoboa tundu la kwanza. Toboa kidogo kuliko unavyohitaji, ukianzia upande wa nje wenye ganda la rangi, na bandika utepe wa karatasi ili ganda lisibanduke.

## Ukaguzi na barabara

17. Gari langu litakubalika barabarani?

Linategemea nchi uliyopo, na swali hili linaulizwa kabla ya kununua, si baada. Wengine wanakagua gari moja moja, wengine wanaangalia moshi zaidi, wengine hawana utaratibu wowote. Uingereza, kwa mfano, kuna ukaguzi uitwao IVA. Wakaguzi huangalia hata makali: kingo za nje zinazoweza kumgusa mtu lazima ziwe na mviringo usiopungua milimita 2.5, ndiyo maana utaona bolti zimevishwa kofia za plastiki. Gari ambalo asili au umri wake hauwezi kuthibitishwa hupewa huko namba inayoanza na Q. Popote ulipo, weka risiti za injini, giaboksi na chasisi, na piga picha za hatua zote. Mkaguzi humwamini mwenye faili.

18. Safari ya kwanza iweje?

Fupi, mchana, mahali pasipo na magari, na kabla ya kufunga bodi kama sheria na mahali vinaruhusu. Gari likiwa uchi unaona kinachovuja. Kabla yake piga alaimenti (kunyoosha magurudumu) ya nyumbani: vuta kamba mbili sambamba na gari, pima umbali wa ringi mbele na nyuma, ukiwa na uzito wa dereva kitini. Itatosha kufika kwa mwenye mashine. Ukirudi, pitia mistari yote ya rangi (swali la 11), na nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita themanini hivi.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nimenunua gari lililoachwa nusu na mtu mwingine. Niendelee alipoishia?

Rudi nyuma. Chukulia kwamba hakuna nati iliyokazwa, hakuna waya uliopimwa na hakuna bomba la breki lililo salama. La pili nililounda lilikuwa la namna hiyo. Mwenyewe wa kwanza alikuwa msafi, kila kitu kinang'aa, nikashawishika kuacha usukani kama ulivyo. Nilipouvuta kwa mkono siku ya kuusafisha, kiungo cha shafti kilitoka: bolti ilikuwa imeingizwa, nati haikuwepo. Tangu hapo nafungua kila kitu, na ninaposhindwa kujua kwa nini alifanya jambo fulani, nalifanya upya.

20. Naweza kuweka injini ya pikipiki?

Watu huweka, na gari jepesi hufurahisha sana. Lakini pikipiki nyingi hazina gia ya rivasi, klachi yake haikutengenezwa kuondoa uzito huo, na oili kwenye kona hukimbilia upande mmoja kwa sababu gari halilali kama pikipiki. Utahitaji sampu (bakuli la oili chini ya injini) yenye vizuizi ndani na namna ya kurudi nyuma. Usianze nayo kama ni gari lako la kwanza.

21. Na mota ya umeme?

Chasisi inaweza kuibeba, lakini hesabu za uzito zilizopigwa na mwenye seti hazina betri ndani yake. Springi, breki na mgawanyo wa uzito vyote vinaanza upya. Mfumo wa mamia ya volti haujifunzwi kwa kujaribu: sehemu hiyo mpe mtu aliyesomea, nawe ufanye mengine.

22. Gari limesimama miezi sita na sina hamu nalo. Niliuze?

Kabla hujaliuza, ingia gereji na ufunge kitu kimoja kinachochukua dakika ishirini: kishikizo cha waya, honi, kioo cha pembeni. Kesho kimoja tena. Usiguse lile tatizo lililokusimamisha mpaka wiki ipite. Ukiona wiki nzima hata honi imekushinda, basi andika orodha ya kweli ya yaliyobaki, weka bolti kwenye mifuko yenye majina, na uliuze pamoja na orodha hiyo. Atakayelinunua atakuwa anasoma swali la 19.